Juu Kidogo na Goti la Bibi

Mjomba wangu ni mfupi. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe huanza nalo. Mteja mpya akiingia gereji na kuuliza fundi yuko wapi, mjomba hutokea nyuma ya boneti na kusema, "Ndiye huyu, na nimeshasimama, usisubiri zaidi." Mteja hucheka, na kazi huanza hivyo.

Watu wanamwita Juu Kidogo. Fundi Rangi, jirani yetu anayepulizia magari rangi kwenye banda la pembeni, anashikilia kwamba jina hilo lilitokana na kimo. Si kweli. Lilitokana na kazi. Mjomba huinua magari, na siyo kwa jeki ya kubadilishia tairi kisha yakarudi chini. Huyainua yakabaki huko huko juu, ili tumbo la gari lisikwaruze mawe kule ambako barabara imeisha na kilichobaki ni nia tu. Mwenye gari huja, huinama, huchungulia uvunguni, halafu husema maneno yale yale: "Fundi, nipandishie juu kidogo."

Nilimuuliza mjomba kidogo ni kiasi gani. Akasema hakuna watu wawili wenye kidogo kinacholingana. Kidogo cha mwenye shamba ni upana wa kiganja. Kidogo cha kijana anayetaka kutazamwa ni kile ambacho mbuzi anaweza kupita chini ya gari bila kuinamisha pembe.

Kabla ya magari, mjomba alikuwa akichomelea vitanda na mageti. Hapo ndipo Bibi, mama yake, anapopenda kuingilia hadithi. "Huyu mwanangu," husema, "kila akitengenezacho kinakimbilia juu." Alitengeneza banda la kuku, kuku wakahitaji ngazi. Alitengeneza geti la jirani, jirani akawa hawezi kufikia komeo la geti lake mwenyewe. Alimtengenezea Bibi kitanda kizuri chenye maua ya chuma kichwani, na Bibi akalala chini kwa muda wote ambao kitanda kilikuwa kikikatwa miguu.

"Mtu mfupi anaiona dunia yote iko juu," mjomba hujitetea. "Nilidhani hicho ndicho kipimo chake."

Siku moja mtu akamletea springi ya gari iliyovunjika, yale mabamba ya chuma yaliyopindwa na kupangwa moja juu ya jingine, akamwomba aunganishe. Mjomba akachomelea vizuri, akasugua mpaka hata alama haikuonekana. Gari likaenda mpaka kona ya kwanza, springi ikakatika kando kidogo ya pale pale. Akaunganisha tena, ikakatika tena. Mwingine angemlaumu mwenye gari. Yeye alifunga banda, akaenda kukaa na fundi wa springi wa upande wa pili wa mji, akamwuliza chuma hiki kina nini. Akaambiwa springi ni chuma kilichofundishwa kwa moto, na ukikichoma ovyo kinasahau kilichofundishwa. Mjomba anasema aliposikia hivyo akaona vitanda vyote duniani ni kazi ya kuchosha. Hakurudi kwenye vitanda.

Leo gereji yake iko nyuma ya nyumba yetu. Ni bati juu ya nguzo, sakafu ya saruji yenye madoa meusi, meza ya vibano, na ukuta uliotundikwa spana kwa ukubwa kama picha ya familia. Na kwenye kopo la rangi lililokatwa kuna chaki. Chaki hizo ni vipande nilivyopewa na mwalimu wetu, vile vifupi visivyoshikika ubaoni tena. Mjomba hawezi kufanya kazi bila chaki, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nianze kukaa gereji nikitoka shule.

Ni hivi. Ukiweka tairi kubwa kwenye gari, tairi halina habari kwamba nafasi ni ile ile. Gari likiwa limesimama linaonekana limekaa sawa. Ukikata kona huku gurudumu moja limepanda jiwe, tairi linanyanyuka ndani ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, na kuanza kulila. Mafundi wengi hupima kwa macho, wakasema "linatosha hilo." Mjomba hupaka chaki mabega ya matairi yote mawili ya mbele mpaka yawe meupe kama yamemwagiwa unga. Kisha huweka tofali za saruji chini ya gurudumu moja, hulishusha gari juu yake, hukaa ndani na kuzungusha usukani mpaka mwisho wa kulia, mpaka mwisho wa kushoto. Baadaye hutambaa na tochi kutafuta weupe. Palipo na chaki ndani ya madigadi, au kwenye pembe ya bampa, hapo ndipo pa kukata au kukunja. Anapaka tena, anazungusha tena. Pasipobaki weupe popote isipokuwa kwenye tairi, husema, "Haligusi," na ndipo mteja huitwa.

"Macho yanapendelea," aliniambia. "Chaki haimjui mtu."

Sasa nifike kwa Bibi na dada yake.

Dada yake Bibi anaishi ng'ambo ya kijito, kwenye kilima. Sisi wajukuu tunamwita Bibi Mkubwa. Kwa miaka mingi hao wawili walizungumza kwa simu kila asubuhi, mazungumzo marefu kuhusu maharage, majirani na nani amenenepa. Halafu masikio ya Bibi Mkubwa yakaanza kuondoka. La kulia liliondoka lote. La kushoto lilibaki, ila linataka umkaribie, utazame mbele pamoja naye, na kusiwe na upepo. Simu haiwezi hayo. Mazungumzo yakawa hivi:

"Umeamkaje?"

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nauliza umeamkaje."

"Masikini. Na alikuwa kijana."

Mwanzoni tulicheka, na Bibi alicheka. Baadaye akawa akimaliza kuongea anabaki ameishika simu mapajani, anaitazama. Asubuhi moja hakupiga. Nilipomuuliza akasema, "Nimpigie nimwambie nini, mjukuu wangu? Kila nikimpigia naua mtu."

Kilichotakiwa ni Bibi aende akakae kando ya dada yake, upande wa kushoto. Pikipiki hawezi, kwa sababu ya goti lake la kulia ambalo likikunjwa kupita kiasi fulani hugoma kama punda. Na barabara ya kilimani ilishaharibiwa na mvua. Pale inapokata kijito, maji si mengi, ila mawe yaliyobebwa na mafuriko yametanda mpaka ng'ambo, na hakuna ajuaye lini yataondolewa.

Tulijaribu mara moja na gari la mjomba kama lilivyokuwa zamani. Ni gari la zamani la magurudumu yote manne kuvuta, rangi ya kijani iliyochoka. Fundi Rangi huomba kila wiki aruhusiwe kulipaka, na kila wiki hujibiwa kwamba rangi haipandi mlima. Tulifika kijitoni, tukaingia polepole, kisha chini yetu kikasikika kishindo na gari likakalia jiwe kama kuku anayeatamia. Mjomba alihangaika mpaka tukarudi kinyumenyume.

Ng'ambo, Bibi Mkubwa alikuwa ameshuka kilima kutupokea. Dada wawili wakasimama kila mmoja ukingoni mwake.

"Gari limekwama!" Bibi alipiga kelele.

Bibi Mkubwa akaweka kiganja sikioni, akasikiliza upepo, halafu akapunga mkono kwa furaha, akageuka kupanda kwake. Alidhani anaagwa.

Tulipofika nyumbani, mjomba alimfungulia mlango, akasema, "Mama, nitaliinua."

"Utaliinua kiasi gani?"

"Juu kidogo."

Kazi hiyo aliifanya katikati ya kazi za wateja, na nilikuwa sijawahi kumwona anatengeneza kitu kwa makini namna ile. Springi za zamani zilikuwa zimelala zikawa karibu bapa. Akazitoa, akaweka nyingine zenye bamba la ziada na mpindo mkubwa zaidi. Akafunga shokapu ndefu, yale mabomba yanayozuia gari lisiendelee kurukaruka kila likipita shimo. Akagundua paipu ya breki, ile ya mpira inayoshuka kwenye gurudumu, imevutika ikawa kama kamba ya kuanikia nguo.

"Hii ndiyo inayoua watu," akasema, akinionyesha. "Gari limekuwa refu, breki imebaki fupi. Mtu anatamba barabarani, siku gurudumu likining'inia shimoni, paipu inakatika." Akaibadilisha kwa ndefu.

Halafu matairi. Yalikuwa makubwa, yenye meno ya kung'ata matope, na yalipofungwa, gari lilionekana kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Fundi Rangi akaja na kikombe cha chai, akalizunguka.

"Jirani, hili ni gari au ghorofa?"

"Kunywa chai yako."

"Nauliza tu. Maana nikilipaka rangi nitahitaji jukwaa."

"Wewe hata likiwa chini unahitaji jukwaa," mjomba akajibu. Fundi Rangi si mrefu naye, ila hilo huwa halizungumzwi.

Chaki ikapakwa. Usukani ukazungushwa. Weupe ulionekana nyuma ya madigadi la kushoto na kwenye pembe zote mbili za bampa. Grenda ikalia, cheche zikaruka, ukingo wa madigadi ukakunjwa kwa nyundo. Chaki tena. Weupe mdogo, kama wa kidole. Nyundo tena. Mwishowe mjomba akatambaa na tochi, akakaa huko chini muda mrefu, akatoka na vumbi kwenye nyusi.

"Haligusi," akasema.

Akalipeleka kijitoni peke yake, akavuka, akarudi, akavuka tena kwa raha zake tu. Alirudi nyumbani akicheka. Alinieleza kwamba mshale wa spidi sasa unadanganya, kwa sababu tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko gari linavyofikiri. "Linasema tunatembea polepole, kumbe tunakimbia. Kama bibi yako anapokwenda kwenye mnada."

Jumamosi asubuhi Bibi alitoka akiwa amevaa nguo yake ya zambarau, mkoba begani, fimbo mkononi, na mfuko wa maharage aliyochagua punje kwa punje. Mjomba alikuwa amelisogeza gari mpaka mbele ya mlango wa nyumba. Alilizunguka kulifungua upande wa abiria, akaufungua mlango wazi, akasimama kando kama dereva wa bwana mkubwa.

Bibi akafika. Akasimama. Kiti kilikuwa usawa wa kifua chake.

Alitazama kiti. Akatazama chini, akatazama kiti tena. Akamtazama mwanawe, ambaye mkono wake ulikuwa bado umeshika mlango na tabasamu lake lilikuwa linaondoka taratibu.

"Umeliinua gari," Bibi akasema. "Mimi nani ataniinua?"

Kusema kweli, hakuna aliyekuwa amefikiria. Mjomba alikuwa amefikiria jiwe, kijito, springi, breki na madigadi. Alikuwa amepima kila kitu kinachoweza kugusa kingine, isipokuwa kiti na mama yake.

Tukaleta stuli ya jikoni. Bibi aliigusa kwa fimbo, ikayumba, akairudisha kwa macho. Tukaleta kreti la soda. Akapandisha mguu wa kushoto, akashika mlango, goti la kulia likafika mwisho wake hewani, akarudi chini akiwa amekunja uso na hakusema "aah," jambo lililotuambia kwamba lilimuuma sana.

"Mama, niruhusu nikubebe," mjomba akasema.

"Mimi si gunia."

"Mara moja tu, mpaka kwenye kiti."

"Na huko kwa dada? Unibebe mbele ya majirani zake kunishusha, unibebe tena kunipandisha? Sijabebwa tangu nijue kutembea. Hata siku ya harusi yangu niliingia kwa miguu yangu." Akaweka mfuko wa maharage juu ya kreti. "Na wewe unibebe kwenda wapi, mwanangu? Kwa kimo chako, ukinibeba si nitakuwa pale pale nilipokuwa?"

Fundi Rangi, aliyekuwa amesimama langoni mwa banda lake tayari kwa utani, aliumeza. Nilimwona akiumeza. Bibi akaingia ndani, na kupitia dirisha nikamwona anavua viatu na kuvipanga chini ya kitanda kama viatu ambavyo havitavaliwa tena karibuni.

Mjomba alikaa kwenye kreti, kando ya maharage.

"Lishushe," Fundi Rangi akamshauri, kwa sauti ya chini.

"Nikilishusha anapanda vizuri, tunakwenda kukalia jiwe."

"Basi weka ngazi. Gari gani kubwa halina ngazi?"

"Ngazi gani? Ikining'inia chini inashika jiwe hilo hilo. Ikikaa juu, goti halifiki." Akautazama mfuko wa maharage kando yake. "Na goti linafika wapi? Mimi najua mwisho wa kila usukani hapa mjini. Goti la mama yangu sijui linaishia wapi."

Alipolisema hilo, akainua kichwa. Akaangalia kopo la chaki.

Aliingia chumbani kwa Bibi akiwa na kipande mkononi, mimi nyuma yake. Bibi alikuwa amekaa kitandani, kile chenye maua ya chuma, kilichokatwa miguu.

"Mama, naomba kiatu."

"Cha nini?"

"Cha kulia. Nataka kukipaka chaki."

Bibi alimtazama kama alivyomtazama, nadhani, siku ya banda la kuku. Lakini akakitoa. Mjomba alikipaka soli mpaka ikawa nyeupe, akamvalisha mwenyewe akiwa amepiga magoti, akamsimamisha mbele ya ubao mrefu wa mbao alioegemeza ukutani.

"Sasa inua mguu taratibu. Usijikaze. Goti likisema basi, gusa ubao."

"Na likisema basi mapema?"

"Ndilo ninalotaka kusikia."

Bibi akainua. Akagusa. Alama nyeupe ikabaki ubaoni, chini kuliko yeyote kati yetu alivyodhani. Mjomba akaipaka soli chaki tena, akamwomba arudie, kisha arudie kwa kushika bega lake. Alama zote zikakaa karibu karibu, kama vifaranga. Kisha akapaka kiatu cha kushoto. Mguu wa kushoto ulipanda juu zaidi.

"Kwa hiyo wa kulia uanze chini, wa kushoto umalizie," mjomba alijisemea.

"Hata mimi ningekwambia hilo," Bibi akasema. "Hukuuliza."

"Sasa nimeuliza, mama."

Mjomba alirudi kwenye chuma chake cha zamani, kile cha vitanda. Alikata mabomba, akachomelea vidato viwili, kimoja juu ya kingine, akavifunga kwa bawaba chini ya mlango. Mlango ukifunguliwa unavuta kipini, vidato vinashuka. Ukiufunga, vinajikunja vikalala kandokando ya chasisi, mahali jiwe haliwezi kuvishika. Cha chini kiliwekwa chini ya alama ya ubaoni, siyo juu yake. Alipima kwa kuusimamisha ubao kando ya gari. Fundi Rangi alileta brashi, akavipaka rangi bila kuombwa, zambarau, akasema ndiyo rangi pekee iliyokuwa imebaki. Mimi niliona makopo yake; rangi zilikuwepo.

Vilipokauka, Bibi aliitwa. Hakuvaa vizuri safari hii, alikuja na kanga ya nyumbani na vile viatu vya chaki, kama mtu asiyetaka kujipa moyo. Mjomba akafungua mlango. Vidato vikashuka kwa mlio mdogo. Bibi akaweka mguu wa kulia, akashika mkono wa chuma uliokuwa umefungwa kwenye nguzo ya kando ya kioo cha mbele, akaweka wa kushoto, akawa amekaa.

Alitazama mbele kupitia kioo kwa muda.

"Kumbe ukuta wa jirani una nyasi juu," akasema. Halafu akamgeukia mwanawe. "Unangoja nini? Maharage yangu yako wapi?"

Hakurudi hata kubadilisha nguo. Aliagiza mkoba wake, nikapanda nyuma, tukaondoka. Kijitoni gari lilishuka kama ngamia, likanyanyua bega moja, likanyanyua jingine. Nilisikiliza kile kishindo cha siku ile. Yalisikika maji tu, na Bibi akisema, "Polepole, polepole," ingawa mjomba aliniapia kwamba mshale ulikuwa haujanyanyuka kabisa.

Bibi Mkubwa alikuwa uani akipepeta. Hakusikia gari. Aligeuka tu akakuta limesimama, na mdogo wake dirishani, juu kuliko paa la kibanda cha jiko. Akaweka ungo chini.

Yeye miguu yake ni mizima, miguu ya kilimani. Mjomba anasema ukichukua miguu ya mmoja na masikio ya mwingine unapata mtu mmoja asiye na kasoro. Bibi Mkubwa hakusubiri mtu ashuke. Alifika upande wa dereva, akamwondoa mjomba kwa kumvuta shati, akashika usukani, akapanda hata bila kidato akaketi kwenye kiti cha kulia. Kiwiko chake kikakandamiza honi. Honi ikalia kilima kizima.

"Hiyo nimeisikia," akasema.

Na hapo, bila mtu kupanga, sikio lake la kushoto lilikuwa limemwelekea Bibi. Bibi akafunga kioo cha upande wake. Akaashiria kwa dada yake afunge na chake. Upepo ukabaki nje, pamoja na mjomba na mimi, niliyekuwa nimeshashuka.

Tuliwaona tu midomo. Bibi alisema jambo fupi. Bibi Mkubwa hakuweka kiganja sikioni, hakukunja uso. Alijibu, na jibu likawa refu, na Bibi akaanza kucheka huku akipiga dashibodi.

Mjomba alikuwa amechuchumaa chini ya mlango wa Bibi, akivichungulia vidato vilivyojikunja. Nilidhani kuna kilicholegea. Alikuwa anatazama chaki. Soli za Bibi zilikuwa bado na weupe alipopanda, na kila kidato kilikuwa na alama moja ya kiatu, katikati kabisa.

"Watashuka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Waache." Akakaa chini kivulini mwa tairi, ambalo lilimtosha kuegemea mpaka kichwani. "Ndani humo ni pazuri. Pako juu kidogo."